GARI LIKIGEUKA KUWA MTAMBO WA STIMA

(Haya ni maneno ya hotuba aliyoitoa fundi mmoja wa stima, mwanachama wetu, mbele ya mkutano wa tawi. Tumeyachapa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku hiyo wasiweze kufika.)



Mimi si profesa, wala sikuja hapa kuwafundisha kama watoto wa shule. Mimi ni fundi kama ninyi, na mikono yangu mnaiona. Lakini Kamati iliniuliza habari ya jambo nililoliona kwa macho yangu mwaka jana, nikaona haifai kulinyamazia, maana kesho litamfika mwingine kati yetu.

Tulikuwa tukifanya kazi katika kambi moja ya wageni huko Kaskazini, mahali ambapo laini ya stima ya taifa haijafika. Kambi ilikuwa na vioo vya sola juu ya paa, betri za volti 48, na jenereta kuukuu. Jenereta ile ikafa. Basi msimamizi akakumbuka kwamba tajiri ana gari la stima, na gari lile lina soketi inayotoa volti 240. Akamwita kijana mmoja, kibarua, akamwambia: "Chukua waya, tia plagi ya kiume huku na plagi ya kiume huku. Upande mmoja chomeka kwenye gari, upande wa pili kwenye soketi ya jikoni." Kijana akafanya alivyoambiwa. Taa zikawaka. Watu wakapiga makofi.

Jioni ile mpishi alishika mlango wa friji kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika mfereji wa maji. Akatupwa chini. Kwa rehema ya Mungu hakufa, ila mkono wake uliungua, na alikaa siku nyingi bila kazi. Msimamizi akasema ni bahati mbaya. Mimi nasema hapana. Bahati mbaya ni kupigwa na radi njiani. Lile lilikuwa jambo lenye sababu, na sababu zake zimo katika vitabu vya sheria za kazi yetu. Ndizo nitakazozieleza leo.

KAZI TULIYOFANYIWA BILA KUJUA

Ndugu zangu, fundi anapofunga waya katika nyumba ya mjini, kuna mambo makubwa ambayo kampuni ya stima imekwisha kumfanyia, naye hayaoni.

La kwanza, kwenye transfoma waya wa nyutro umefungwa na ardhi. La pili, laini ya kampuni ina nguvu nyingi sana, hata waya wa moto ukigusana na nyutro, mkondo unaruka kwa mamia ya ampea, na breka inaanguka mara moja. La tatu, stima inatoka mahali pamoja tu, kwa hiyo ukizima swichi kuu unajua umezima.

Sasa gari likiwa ndilo chimbuko la stima, mambo haya yote hayapo. Gari limesimama juu ya mipira. Halina transfoma wala chuma kilichopigwa ardhini. Kila kitu ambacho kampuni ilikuwa ikitufanyia, sasa lazima tukifanye kwa mikono yetu wenyewe. Hilo ndilo neno langu la leo. Mkisahau mengine yote, shikeni hilo moja: siku unapofunga gari litie stima katika nyumba, wewe fundi umekuwa kampuni ya stima ya nyumba ile.

MAGARI HAYA NI YA NAMNA GANI

Jambo hili si la kubahatisha tena duniani. Huko Japani, baada ya tetemeko kubwa la Machi 2011, watu waliona faida ya gari kutia stima nyumbani, na mwaka 2012 Nissan ilianza kuuza mtambo wa kuiunganisha Leaf na nyumba. Hyundai Ioniq 5, lililotoka 2021, hutoa kilowati 3.6 hivi kwa vyombo vya nje. Ford F-150 Lightning, lililotoka 2022, linaweza kutoa hadi kilowati 9.6 kwenye soketi zake.

Lakini angalieni tofauti. Kuna gari lenye soketi ya kuchomeka chombo, na kuna mtambo uliotengenezwa kuunganisha gari na bodi ya stima ya nyumba. Vitu hivi viwili si kimoja. Soketi ya gari imewekwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuchomeka birika, msumeno au taa kwa waya wa chombo chenyewe. Haikuwekwa ili ilishe nyumba nzima.

VITABU VYASEMAJE

Kazi yetu hapa Kenya ilijengwa juu ya desturi ya Uingereza, ndiyo maana plagi zetu zina miguu mitatu ya mraba. Kitabu cha Waingereza ni BS 7671. Sehemu yake ya 551 inahusu mitambo ya kuzalisha stima, na sehemu ya 722 inahusu kuchaji magari. Mwaka 2022 waliongeza sura ya 82, ya nyumba ambazo zinatumia stima na pia kuizalisha, pamoja na nyumba zinazojitegemea bila laini ya nje. Sehemu ya 551 inasema wazi kwamba mtambo wako unapofanya kazi badala ya laini ya kampuni, usitegemee ardhi ya kampuni. Lazima uweke ardhi yako mwenyewe.

Wamarekani nao wana kitabu chao, NEC. Katika toleo la 2023, kifungu cha 625.48 kinasema kwamba chombo cha kuchajia gari ambacho pia kinatoa stima ya gari na kuitia katika nyumba, lazima kiwe kimepimwa, kimeidhinishwa, na kimeandikwa kwamba kinafaa kwa kazi hiyo. Kikiwa ni cha akiba wakati stima imepotea, kinafuata kifungu cha 702. Kikiwa kinafanya kazi sambamba na stima nyingine, kinafuata kifungu cha 705. Na nyumba inayojitegemea kabisa, kama ile kambi, ina kifungu chake, nacho ni 710.

Sheria za Marekani hazitufungi sisi. Lakini moto wa stima haujui mpaka wa nchi, na akili iliyo katika kitabu cha jirani si haramu kuitumia.

KWA NINI MPISHI ALIPIGWA

Sasa turudi jikoni.

Soketi ya gari lile haikufungwa na ardhi, wala waya wake wowote. Mtengenezaji alifanya hivyo kwa makusudi. Ukichomeka chombo kimoja tu na waya wake ukavuja kwenye bati, mkondo hauna njia ya kurudi, na mtu akishika hapigwi. Kwa chombo kimoja ni salama.

Lakini kijana yule alichomeka gari kwenye nyumba yenye vyombo vingi. Friji ilikuwa imechubuka waya mmoja, na waya wake wa ardhi ulikwisha katwa zamani. Kosa la kwanza. Hakuna aliyejua, kwa maana hakuna kilichoanguka wala kulia. Kisha chombo cha kuchemshia maji kilikuwa kinavuja kwenye mabomba, na kilivuja kutoka waya ule wa pili. Kosa la pili. Hapo mlango wa friji ukawa waya mmoja, mfereji wa maji ukawa waya wa pili, na mpishi akawa katikati, na volti 240 zikapita kifuani mwake.

Mtaniuliza, "Je, breka haikuwapo?" Ilikuwapo, ya ampea 32. Breka ya namna ya B ya ampea 32, ili tuwe na hakika kwamba itaanguka papo hapo, inahitaji mara tano yake, yaani ampea 160. Gari la kilowati 3.6 kwa volti 240 linatoa ampea 15. Litatoa wapi hizo 160? Hata ukigusanisha nyaya zake, inveta ya gari hujizuia au hujizima, lakini breka yako imesimama tu kama askari aliyelala.

Mtaniuliza tena, "Na ile swichi ya RCD ya miliampea 30?" Nayo ilikuwapo, lakini stima iliingia nyuma yake, kwa soketi ya jikoni, kwa hiyo haikupita ndani yake kamwe. Na hata kama ingepita, RCD hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Kama nyutro haikufungwa na ardhi kabla ya RCD, mkondo uliovuja hupita kwa mtu ukarudi kwa waya ule wa pili, hesabu ikawa sawasawa, na RCD haioni kitu.

Hapa sikilizeni sana, maana mafundi wengi hudanganyika. Ukibonyeza kile kitufe cha kujaribia RCD, itaanguka hata kama nyutro haijafungwa na ardhi popote. Kitufe kinajaribu chombo chenyewe tu. Hakijaribu ardhi yako. Fundi akibonyeza kitufe na kusema "kazi ni salama," hajapima kitu. Lazima alete mashine ya kupimia.

MAMBO SITA YA KUSHIKA

Ya kwanza. Kama gari au chaja yake haikuandikwa na mtengenezaji kwamba inaweza kulisha nyumba, usiifunge kwenye nyumba. Tumia waya wa chombo kimoja, basi. Wala usijaribu kufunga nyutro na ardhi kwa kubahatisha katika soketi ya gari. Magari mengine yana kipimo ndani kinachoona jambo hilo na kukata stima, na mengine utayaharibu. Soma kitabu cha mtengenezaji. Kuuliza si ujinga.

Ya pili. Kama mtambo umeruhusiwa, nyutro ifungwe na ardhi mahali pamoja tu, kwenye chimbuko, kabla ya RCD. Mahali pamoja, si pawili. Ukifunga pawili, mkondo wa nyutro utagawanyika na kutembea katika waya wa ardhi na katika mabati ya nyumba. Kama inveta ya sola nayo ina kifungo chake cha nyutro na ardhi, swichi ya kubadilisha lazima ihamishe waya wa moto na nyutro pamoja, ili vifungo viwili visikutane.

Ya tatu. Piga chuma cha ardhi, na ukipime. Kitabu cha Waingereza kinaonya kwamba pale RCD inapotegemea chuma cha ardhi, kipimo kikipita omu 200 huenda kisitegemeke. Huko Kaskazini udongo ni mkavu. Chuma kilichopimwa wakati wa mvua si kile kile wakati wa kiangazi. Pima tena wakati wa ukavu, na uandike tarehe.

Ya nne. Weka swichi ya kubadilisha ambayo haiwezi kamwe kuunganisha stima mbili kwa wakati mmoja. Mtu asiniambie "nitazima swichi kuu kwa mkono, nitakumbuka." Usiku wa giza, mvua inanyesha, tajiri anapiga kelele, nani atakumbuka? Na msiseme kwamba huko hakuna laini ya kampuni. Leo haipo, kesho itafika, na ule waya wenye plagi mbili za kiume bado utakuwa umeninginia ukutani. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ukiitia volti 240 upande wa chini, inaweza kutoa volti 11,000 upande wa juu. Juu ya mlingoti yuko ndugu yetu anayetengeneza waya uliokatika, na ameambiwa laini imezimwa. Atakufa kwa mkono wa fundi mwenzake ambaye hata hamjui.

Tena ile plagi ya kiume yenyewe ni mauti. Ikichomoka ukutani, miguu yake mitupu ina volti 240, na mtoto anaweza kuishika.

Ya tano. Usichanganye gari na sola bila chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Stima mbili ambazo hazikwendi hatua moja, zikikutana, zinapigana. Inveta nyingi za sola zisizotegemea laini zina mlango wa jenereta. Kama mtengenezaji wa gari na mtengenezaji wa inveta wote wameruhusu, stima ya gari ipitie mlango huo, na kipimo cha mkondo kiwekwe chini ya uwezo wa gari. Lakini kamwe usiguse betri ya gari yenyewe. Ndani yake mna volti karibu 400 za mkondo wa moja kwa moja, na magari mengine yana 800. Zile nyaya za rangi ya machungwa ndizo zinazobeba nguvu hiyo. Mkondo wa kawaida wa mabadiliko hufika sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche yake hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo wa moja kwa moja haufiki sifuri. Cheche yake inaendelea kuwaka, na swichi ya kawaida ya nyumbani itayeyuka mkononi mwako.

Ya sita. Pima kazi kwa uwezo wa gari. Kifungu cha 710 cha Wamarekani hakisemi kwamba chimbuko liweze kubeba vyombo vyote kwa pamoja, lakini linapaswa angalau kuweza kubeba kile chombo kimoja kilicho kikubwa kuliko vyote. Hiyo ni akili. Na mkumbuke kwamba mota ya pampu ya maji ikianza huvuta mara tano au sita ya kawaida yake. Pampu ya kilowati moja na nusu inaweza kutaka kilowati nane kwa dakika ile ya kuamka, na gari la kilowati 3.6 litazima. Halafu bandikeni kibao kwenye bodi, kwa Kiswahili, kisemacho: NYUMBA HII INA STIMA YA SOLA NA STIMA YA GARI, na kila moja inazimiwa wapi. Zima moto na fundi atakayekuja baada yako watakushukuru.

NANI ATATIA SAHIHI

Sasa, ndugu zangu, nimefika kwenye neno la chama.

Yule kijana aliyefunga waya hakuwa na leseni. Sheria ya Nishati ya 2019 inataka kazi ya kufunga stima ifanywe na mtu mwenye leseni, na leseni hizo hutolewa na EPRA. Mwaka 2023 EPRA ilitoa pia mwongozo wake kuhusu vituo vya kuchajia magari na kubadilishia betri. Kwa hiyo msimamizi hawezi kusema kwamba mambo haya ni mapya na hayana mwenyewe. Lakini baada ya ajali alilaumiwa nani? Kijana. Yeye ndiye aliyeshika bisibisi. Aliyetoa amri alikuwa kitini kivulini.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama pamoja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amwarifu msimamizi wake, na mwajiri asimlazimishe kurudi mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Na mfanya kazi aliyeondoka mahali pa hatari kwa sababu ya haki, asifukuzwe wala kuadhibiwa kwa jambo hilo. Hii si hisani ya tajiri, ni sheria ya nchi.

Basi mkiambiwa mfunge gari kwenye nyumba, ulizeni maswali manne. Je, mtambo huu umeandikwa kwamba unafaa? Je, ardhi itakuwa wapi, na nani ataipima? Je, swichi ya kubadilisha iko wapi? Je, fundi mwenye leseni atakayetia sahihi ni nani? Kama hakuna jibu, semeni kwa adabu, "Bwana, kazi hii siwezi kuifanya namna hii," na mwarifu mjumbe wa chama siku hiyo hiyo, kwa maandishi kama inawezekana. Msigombane wala msitukane. Andikeni tu.

Naye kibarua asiachwe peke yake. Kijana akikataa peke yake, atafukuzwa jioni. Mafundi kumi wakikataa pamoja, msimamizi atakwenda kununua swichi.

Watu wengine husema kwamba mimi napinga magari haya. Sivyo. Gari la stima katika kituo cha afya kisichofikiwa na laini, usiku jenereta imekufa na friji ya chanjo imeanza kupata joto, ni baraka kubwa. Tuseme betri ina kilowati-saa 60, na kituo kinatumia 10 kwa siku: hapo mna kazi ya siku tano, na akiba ya gari kufika mahali pa kuchaji. Kazi hiyo itakuja, na nataka ifanywe na wanachama wa chama hiki, kwa mshahara wa fundi wala si wa kibarua, na ifanywe sawasawa.

Yule mpishi nilimtembelea. Aliniuliza swali moja tu: "Fundi, ninyi mlijua?" Sikuwa na jibu zuri. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kambi siku ile, lakini niliuona ule waya asubuhi nikapita. Nilijua, na nilipita.

Ndugu zangu, tusipite tena.

Umoja ni nguvu.